Sumu ya Thamani na Sumu ya Bure: Habari za Kilembe

Waandishi wa historia ya viwanda katika Afrika ya Mashariki wamezoea kufunga vitabu vyao siku ile kiwanda kinapofunga milango yake. Hutueleza mwaka ilipogunduliwa mali, jina la kampuni iliyokuja kuichuma, wingi wa watu walioajiriwa na wa tani zilizosafirishwa; kisha hutaja mwaka wa mwisho wa kazi, na hapo kalamu huwekwa chini. Lakini ardhi haina desturi hiyo. Mvua hunyesha juu ya lundo lililoachwa vile vile kama ilivyonyesha lilipokuwa na mwenyewe. Maji hupenya ndani yake, huchukua yaliyomo, na kuyafikisha kwa watu, wanyama na mimea. Basi historia ya kiwanda ina sehemu mbili, moja ya kuchuma na moja ya kubaki. Sehemu hii ya pili aghalabu ni ndefu kuliko ya kwanza, nayo haijaandikwa kama ipasavyo.

Jambo hili si geni kwa mtu wa Hanang. Katika miaka ya 1970 na 1980 shirika la serikali la kilimo na chakula, NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lililima mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, mahali palipokuwa malisho ya Wabarbaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walilipeleka shirika hilo mahakamani kwa ajili ya ardhi yao, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaamua kwa upande wa shirika. Leo msaada wa Kanada umekwisha zamani, na shirika lenyewe halipo tena. Udongo upo, na watu wapo. Kwa hiyo msomaji wa Dirma au wa Basotu, akisoma habari za mgodi wa Kilembe ulioko magharibi ya Uganda, atakuta humo swali analolijua: mwenye mradi akiisha kwenda zake, nani hubaki na ardhi, na huipokea katika hali gani? Tofauti ni kwamba Kilembe ilirithishwa sumu. Na katika kuiondoa sumu hiyo lilitokea jambo lenye mafunzo makubwa, ambalo ndilo shabaha ya makala haya.

Kilembe ni bonde jembamba miguuni pa milima ya Ruwenzori, mwendo wa kilomita chache kutoka mji wa Kasese, katika nchi ya Wakonzo. Mto Nyamwamba hushuka kutoka vilele vya milima, hupita katikati ya bonde, hutokea tambarare, na kuelekea Ziwa George. Baina ya mji na ziwa imelala Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Dalili za shaba zilionekana katika msafara wa Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia, aliyepanda milima hiyo mwaka 1906. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kampuni ya Tanganyika Concessions iliichunguza miamba ya hapo, lakini mahali palikuwa mbali na reli, wala hapakuwa na umeme wa kutosha. Mwaka 1950 ikaundwa kampuni ya Kilembe Mines, kwa mtaji uliotoka hasa Kanada. Halafu mambo matatu yakafungamana: bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa Jinja mwaka 1954, reli ilifika Kasese mwaka 1956, na mtambo wa kuyeyusha shaba ulianza kazi Jinja mwaka huo huo. Kufikia miaka ya 1960 shaba ilikuwa bidhaa ya tatu katika mauzo ya Uganda ya nchi za nje, ikizifuata kahawa na pamba.

Ili kuelewa yaliyofuata, yafaa tutazame kazi yenyewe ilivyokwenda. Jiwe la Kilembe lilikuwa na shaba kiasi cha sehemu mbili tu katika mia. Katika miaka 26, tangu 1956 hata 1982, zilichimbwa kiasi cha tani milioni 16 za mawe ya namna hiyo. Mawe yalisagwa hata yakawa unga; unga ukatiwa maji na dawa; na kwa nguvu ya mapovu, chembe zenye shaba zikapanda juu na kukusanywa. Shaba ikaenda Jinja kwa reli. Lakini baada ya kazi hiyo vilibaki vitu viwili. Cha kwanza ni unga wa mawe uliokwisha kunyang'anywa shaba yake, ingawa si yote. Huu tutauita makapi. Makapi hayo yalimwagwa bondeni, kando ya Mto Nyamwamba. Cha pili ni pairiti, yaani madini ya chuma na salfa, ambayo katika Kilembe yalichanganyika na kobalti. Wenye mgodi walijua kwamba kobalti imo, lakini hawakuwa na njia ya kuitoa kwa faida. Kwa hiyo pairiti ililundikwa karibu na Kasese, miaka nenda miaka rudi, hata lundo likakaribia tani milioni moja.

Mgodi ulisimama kwa kudhoofika kidogo kidogo. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1971 uchumi wa Uganda ulianza kuporomoka. Vipuri havikupatikana, mafundi waliondoka, na wenye mtaji wa Kanada wakajitoa katika miaka hiyo ya 1970, mgodi ukabaki mikononi mwa serikali. Kisha vikaja vita vya 1979 vilivyomwondoa Idi Amin. Mwaka 1982 uchimbaji ukakoma kabisa. Vitabu vingi humaliza habari za Kilembe katika mwaka huo.

Lakini lundo la Kasese halikusimama. Pairiti ikiwa ndani ya mwamba, chini ya ardhi, haina madhara makubwa, kwa sababu hewa haiifikii. Ikisagwa na kuanikwa juani na mvuani, chuma chake hushika kutu na salfa yake hugeuka tindikali. Tindikali hiyo huyeyusha metali nyingine zilizomo, kama shaba na kobalti, na kuzifanya zitembee na maji. Kazi hii huharakishwa na bakteria wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hupata nguvu zao za kuishi kutokana na chuma na salfa. Kila masika maji mekundu yalitiririka kutoka lundoni yakaingia katika hifadhi, na mahali yalipopita majani yalikufa, ukabaki ukanda wa ardhi tupu ulioelekea ziwani. Ziwa George lenyewe si ziwa la kupuuzwa: wavuvi hupata riziki humo, na mwaka 1988 liliandikwa katika orodha ya dunia ya ardhi oevu zenye umuhimu, chini ya Mkataba wa Ramsar. Wachunguzi waliopima matope yake na mafunjo ya kandokando walikuta humo metali zilizotoka mgodini.

Hapo ndipo lilipotokea jambo nililolitaja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliundwa kampuni ya Kasese Cobalt, ikiunganisha mtaji wa Kanada na Ufaransa pamoja na sehemu ya Uganda iliyoshikwa na Kilembe Mines. Wataalamu wa idara ya jiolojia ya Ufaransa walikuwa wametafuta njia ya kuitoa kobalti katika pairiti, na njia waliyoipata ilikuwa ya ajabu kwa urahisi wa wazo lake. Waliwachukua bakteria wa jamii ile ile wanaozalisha tindikali katika malundo ya wazi, wakawatia ndani ya matangi makubwa pamoja na pairiti na maji, wakawapulizia hewa, na wakalinda joto lisipande kupita kiasi. Bakteria wakala pairiti na kuiachilia kobalti katika maji. Tindikali ilipozidi, ilitulizwa kwa mawe ya chokaa yaliyochimbwa jirani. Chuma kikatengwa, na mwishowe kobalti ikavutwa kutoka majini kwa umeme, ikatoka metali safi iliyo tayari kwa soko. Mtambo ulianza mwaka 1999. Hivyo adui aliyekuwa akiharibu hifadhi aliajiriwa kuisafisha, akifanya kazi ile ile, ila sasa ndani ya chombo chenye mipaka.

Mwaka 2013 lundo likaisha. Mabaki yaliyotulizwa yakahifadhiwa katika mabwawa yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ni haki kukiri kwamba hii ilikuwa kazi njema, tena adimu. Ni mahali pachache duniani ambapo lundo la sumu la ukubwa ule limeondolewa lote, na ni pachache zaidi katika Afrika. Waliofanya kazi hiyo hawakuomba sadaka kwa mtu. Waliuza kobalti, wakalipa mishahara, na hifadhi ikapumua.

Basi tukiishia hapo, habari yetu itakuwa na mwisho wa furaha. Lakini tukumbuke kwamba vilibaki vitu viwili, si kimoja. Pairiti iliondolewa Kasese. Makapi yaliyomwagwa bondeni yalikaa palepale. Sababu haikuwa kwamba hayana madhara. Nayo yana shaba, kobalti na nikeli. Nayo hutoa tindikali. Tena yako karibu zaidi na watu, kwa maana bonde ni jembamba, na nyumba za wafanyakazi, shule, bustani na hospitali vilijengwa humo humo pembeni mwake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba udongo wa eneo la Kilembe una metali hizo kupita kiasi cha kawaida, na kwamba metali hizo huwafikia watu katika maisha yao ya kila siku. Makapi hayakuguswa kwa sababu moja tu: kilichobaki ndani yake kilikuwa kidogo mno kuweza kulipia gharama ya kukitoa.

Kwa kuwa wanadamu hawakuyaondoa, mto ulianza kuyaondoa wenyewe. Tarehe 1 Mei 2013, katika mwaka ule ule lundo la Kasese lilipokwisha, Nyamwamba ulifurika kwa nguvu kubwa, ukaua watu, ukabomoa nyumba na madaraja, na kuingia hospitalini. Mwaka uliofuata ulifurika tena. Mwezi wa Mei 2020 mito ya Ruwenzori ilifurika kwa pamoja, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Watu wa Hanang hawahitaji kuelezwa sura ya msiba wa namna hii. Tarehe 3 Desemba 2023 matope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliufunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Matope ya Hanang yalikuwa udongo na mawe ya mlima. Yalipokauka, kazi iliyobaki ilikuwa ya kuzika, kuhamisha na kujenga. Matope ya Nyamwamba yana kazi nyingine ya ziada. Mafuriko yalikula kingo za makapi na kuyatawanya juu ya mashamba ya chini na mpaka kuelekea ziwani, na mahali yalipotua huendelea kutoa kilichomo kwa miaka. Sumu iliyokuwa mahali pamoja, ambayo ingeweza kufunikwa au kuhamishwa, imekuwa mahali pengi.

Hapa msomaji anaweza kutoa hoja yenye uzito. Atasema: nchi zetu ni maskini, nasi hatuna fedha za kusafisha kila shimo, kama soko limeweza kuondoa tani milioni moja za sumu bila kodi ya raia, kwa nini tusiliachie soko na mengine? Bei ya shaba ikipanda, makapi nayo yatapata mnunuzi. Hoja hii haifai kudharauliwa, kwa maana ina ushahidi wa Kasese nyuma yake.

Lakini ushahidi wenyewe, ukitazamwa karibu, una upande wa pili. Mwaka 2002 bei ya kobalti ilianguka, na mtambo wa Kasese ukasimamishwa hata mwaka 2004 bei ilipopanda. Katika muda huo lundo lilikuwapo, mvua ilinyesha, na tindikali haikungoja bei. Tena yafaa kuhesabu miaka. Lundo lilianza kurundikwa katika miaka ya 1950. Mgodi ulisimama mwaka 1982. Mtambo wa kusafisha ulianza mwaka 1999. Kati ya kufungwa kwa mgodi na kuanza kwa usafishaji ilipita miaka 17, na hiyo ndiyo habari ya lile lundo lililokuwa na bahati. Soko liliondoa sumu kwa wakati wake lenyewe, na kwa sehemu iliyolifaa. Halikuuliza ni lundo gani lililo karibu na mtoto anayecheza; liliuliza ni lundo gani lenye kobalti zaidi ya sehemu moja katika mia. Maswali hayo mawili yaliweza kuwa na jibu moja, na Kilembe yakawa na majibu mawili.

Mahali ambapo sumu haina thamani yoyote, imebaki kutafuta njia ya sheria. Mfano ulio karibu nasi ni wa Owino Uhuru, mtaa wa watu wa hali ya chini katika Mombasa. Huko ulianzishwa mwaka 2007 mtambo wa kuyeyusha risasi kutoka betri kuukuu za magari. Mtambo ukafungwa mwaka 2014, lakini risasi ilikwisha kuingia katika udongo wa mtaa na katika damu za watoto. Risasi iliyotawanyika katika vumbi la uani haina mnunuzi. Wakazi, wakiongozwa na mama mmoja aliyepata kufanya kazi katika mtambo huo, Phyllis Omido, wakaenda mahakamani. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na udongo na maji visafishwe. La sivyo zitolewe shilingi milioni 700 kwa ajili ya usafishaji. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo; Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia. Tangu mtambo kufungwa hata hukumu hiyo ya mwisho ilikuwa miaka kumi. Kwa hiyo sheria nayo, ikija baada ya tendo, huenda polepole, na mtoto aliyekuwa akitambaa mtambo ulipofungwa alikuwa darasani hukumu ilipotoka.

Hata mataifa yenye mali yameonja ugumu huu. Marekani, baada ya mkasa wa Love Canal wa mwaka 1978, ambapo mtaa mzima ulikutwa umejengwa juu ya taka za kiwanda cha kemikali, ilitunga sheria mwaka 1980 ya kuwatafuta wachafuzi na kuwalipisha. Kwa malundo yaliyokosa mwenyewe ikaweka kodi juu ya viwanda vya mafuta na kemikali. Kodi hiyo ikaachwa kukoma mwaka 1995, na kazi ikapungua kasi. Ile ya kemikali ilirudishwa mwaka 2022. Tajiri naye, akikosa kutenga fedha mapema, hubaki akitazama lundo.

Fundisho la Kilembe, kwa maoni yangu, ni hili: gharama ya kusafisha yapasa kulipwa na shaba yenyewe, wakati shaba ingali inatoka. Katika miaka ya 1960, shaba ilipokuwa ya tatu katika mauzo ya Uganda, sehemu ndogo ya kila tani ingetosha kujenga fungu la kuyafunika makapi na kuupa mto njia iliyo salama. Fungu hilo halikutengwa, wala zama zile hazikulidai: sheria kuu ya mazingira ya Uganda ilitungwa mwaka 1995, miaka 13 baada ya kazi kukoma. Siku hizi mambo yamebadilika katika maandishi. Sheria ya Madini ya Tanzania ya mwaka 2010, kwa mfano, ina masharti ya dhamana ya kurekebisha mazingira, yaani fedha inayowekwa na mchimbaji mwenyewe ili ardhi isiachwe kama ilivyoachwa Kilembe. Huo ni mwendo wa haki. Lakini dhamana ina maana ikiwa imepimwa kwa ukweli, imelipwa kwa wakati, na hesabu yake inajulikana na wale watakaobaki. Mwenye kubaki asipojua kiasi kilichowekwa kwa ajili yake, hawezi kukidai.

Na hapa mwanachuo wa historia ana kazi ambayo haiwezi kufanywa na mwanasheria wala na mkemia. Dhamana hupimwa kwa kujua yaliyokwisha kutokea kwingine. Na yaliyotokea hujulikana yakiwa yameandikwa, tena katika lugha inayosomwa na watu wa bondeni. Habari nyingi za Kilembe zimo katika taarifa za wataalamu, zilizoandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, zikihesabu kobalti vizuri kuliko zinavyohesabu bustani. Wapo wazee katika Kasese wanaokumbuka makapi yalimwagwa wapi na katika mwaka gani, mto ulipita wapi kabla haujasukumwa, na kisima kipi kilianza kubadilika ladha. Kumbukumbu hizo zina thamani kwa mhandisi atakayetaka kufunika makapi kesho, kama zilivyo na thamani kwa mwandishi. Wazee hao hawatadumu, wala kingo za Nyamwamba hazitadumu. Ni wajibu wa vyuo vyetu kuwapeleka vijana huko wakiwa na daftari, waandike sehemu ya pili ya historia ya mgodi huo, wakianzia mwaka 1982.